Walei wakatoliki Kongo: kwenye sheria ni washauri tu, barabarani ni kitu kingine

Tarehe 4 Desemba 2022, wakatoliki walitoka misani na kuandamana kupinga kugawanywa kwa Kongo, wakati M23 ilikuwa inasonga mbele Kivu ya Kaskazini. Mwito ulitoka kwa maaskofu wenyewe, CENCO. Lakini maandamano makubwa ya Kanisa kabla ya hapo yaliitishwa na walei.

Kwenye sheria, walei hawana nguvu hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliomba mwaka 1965 majimbo yawe na mabaraza ya kusaidia utume, pale inapowezekana. Sheria ya Kanisa ya 1983 ni wazi zaidi: baraza la kichungaji linatoa shauri, askofu ndiye anaamua. Kongo ilikuwa imejaribu kwenda mbali. Kinshasa, miaka ya 1970, Kardinali Malula aliwapa walei, wale bakambi, kazi ya kuongoza parokia.

Siasa ndiyo iliyowatoa nje. Januari 1992 waziri mkuu Nguz Karl-i-Bond alifunga Mkutano Mkuu wa Kitaifa, uliokuwa unaongozwa na Askofu Monsengwo. Kamati ya walei ikaita watu barabarani Kinshasa tarehe 16 Februari. Askari walipiga risasi, wengi wakafa. Mwezi wa Aprili mkutano ulifunguliwa tena.

Jina hilohilo, Kamati ya Walei ya Uratibu (CLC), lilirudi mwaka 2017. Maaskofu walikuwa wamesimamia makubaliano ya tarehe 31 Desemba 2016, lakini hayakutekelezwa, na Joseph Kabila alibaki madarakani hata baada ya muhula wake kuisha. CLC, pamoja na mwanahistoria Isidore Ndaywel, iliitisha maandamano tarehe 31 Desemba 2017, kisha 21 Januari na 25 Februari 2018. Goma na Bukavu pia zilisikia mwito huo. Siku ya mwisho Rossy Mukendi aliuawa kwa risasi kwenye parokia ya Saint-Benoît, Kinshasa.

Hapa ndipo udhaifu wa mlei unageuka kuwa faida. Akiandamana, maaskofu wanaweza kuendelea kuzungumza na serikali, kwa sababu si wao walioita watu. Kardinali Monsengwo alilaani vikali ukatili wa polisi, bila kuwa yeye mratibu wa maandamano. Gharama lakini inabaki kwa walei: viongozi wa CLC waliishi mafichoni kwa miezi, wakitafutwa na mahakama. Kabila hakugombea tena.

Kazi hiyo haifaulu kila mara. Mwaka 2021 CENCO na waprotestanti wa ECC walimkataa Denis Kadima kuongoza tume ya uchaguzi, CENI. Baraza la walei lililo chini ya maaskofu, CALCC, liliingia barabarani pamoja na walei waprotestanti wa MILAPRO. Kadima alibaki, na ndiye aliyesimamia uchaguzi wa Desemba 2023.