WEWE MSHAIRI, NANI KAKUTUMA UIONYE JAMII?

Leo nina ishu moja inayonikera, na ubaya wake ni kwamba inanihusu na mimi. Ni hii ya sisi vijana tunaojiita washairi.

Hapa Moshi tupo kibao. Usituone tumekaa kijiweni tunabishana mpira, wengi wetu tuna kaunta buku tumelificha chini ya godoro. Na watu wakishajua unaandika gazetini, basi wanakuletea. "Kaka, hebu nipitishie jicho." Nafungua shairi la kwanza: vijana acheni unga. La pili: vijana, Ukimwi unaua. La tatu: enyi viongozi. La nne ndo mapenzi yenyewe sasa, na mpenzi ni lulu ya baharini, kuna mawimbi, kuna nanga, kuna jahazi.

Nikamuuliza mwenye daftari, mtoto wa Kibosho kabisa, bahari umeiona lini? Akacheka. "Sijaiona. Lakini si ndivyo mashairi yanavyoandikwa?"

Jamani, tusimcheke. Ugonjwa huu najua tuliupatia wapi. Ni darasani. Sekondari tumesoma Wasakatonge, Malenga Wapya na Mashairi ya Chekacheka. Vitabu safi, sina ugomvi navyo. Ila maswali yalikuwa yale yale: taja dhamira, taja ujumbe, onyesha mwandishi anavyoielimisha jamii. Tukajibu mpaka mikono ikauma. Miaka minne, hakuna siku hata moja niliyoulizwa: na wewe kijana, kinachokuuma ni nini?

Basi tukatoka pale tukiamini kwamba shairi ni tangazo la kuwaonya watu. Unamkuta mtu na miaka yake ishirini, kodi ya chumba hana, viatu kaazima, lakini akishika kalamu anaionya jamii! Jamii gani hiyo, na nani kamtuma?

Wakubwa wenyewe hawakuwa hivyo. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akizungumza na binti yake wa kumzaa. Shaaban Robert tunayeambiwa kila siku habari za maadili yake, alipofiwa na mkewe Amina alimlilia kwa shairi, watu wote wakasoma. Tena akaandika kitabu kizima akakiita Maisha Yangu. Hakuogopa kusema "mimi".

Halafu kuna Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020. Mwaka 1974 alitoa mashairi yasiyofuata vina na mizani, wazee wa arudhi wakawaka moto kweli kweli. Wengi wanakumbuka ugomvi ule tu. Mimi nakumbuka jina la kitabu: Kichomi. Kama umewahi kushikwa na kichomi unajua, maumivu yale ya ubavuni yanayokukata pumzi. Hakukiita Onyo kwa Vijana. Na cha pili, mwaka 1988, akakiita Karibu Ndani. Yaani kwanza kakwambia kinachomuuma, halafu kakufungulia mlango.

Hata Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, alianza kuandika akiwa na miaka 21, kijana mkimbizi huko Uingereza. Umri wetu huu huu.

Sasa nije kwangu. Nilitaka nianze kwa kusema "kuna mshkaji wangu mmoja", kama tunavyofanya siku zote. Lakini nikifanya hivyo nitakuwa nimejificha vile vile kama wale ninaowasema. Basi ni mimi.

Mnaijua Krismasi ya kwetu. Wachagga wanapanda kutoka Dar, magari yamejaa barabarani, mengine ya kukodi ila hatusemi. Mbuzi kachinjwa, mbege ipo, nyumba imejaa. Mwaka niliomaliza kidato cha nne, baba mdogo aliuliza, "Na huyu kijana yuko wapi sasa hivi?" Mama akajibu, "Anasubiri majibu." Ilikuwa kweli, mtihani tulikuwa tumefanya mwezi uliotangulia.

Januari majibu yakatoka. Sifuri. Ukoo mzima ukajua.

Krismasi iliyofuata baba mdogo akauliza tena. Mimi nimeshika birika, nawanawisha wageni mikono. Mama akajibu haraka haraka, "Anasubiri majibu." Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Baba mdogo akaendelea kunawa, shangazi akaangalia migomba, na mimi nikaendelea kumimina maji hadi yakamwagikia viatu vya mgeni.

Nilikaa na kitu kile muda mrefu sana. Nikaandika mashairi ya unga, ya rushwa, ya lulu ya baharini, yote hayana maana. Siku moja usiku nikaandika habari ya birika. Nikatetemeka. Wenzangu wanne tunaosomeana Jumamosi chumbani kwa mmoja wetu kule Pasua niliwasomea, wakanyamaza. Halafu mmoja akatoa karatasi mfukoni, akasema, "Mimi nina la baba yangu, sijawahi kumwonyesha mtu." Siku ile ndo tulianza kuandika. Mengine yote yalikuwa mazoezi ya mwandiko.

Lakini ngoja, msikimbilie kuanika siri za nyumbani. Kwenye shairi langu mama naye yumo, na hakuniomba awemo. Kabla sijalipeleka popote nilipanda nyumbani, nikamkuta jikoni anamenya ndizi. Nikamsomea. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza akasema, "Kumbe uliumia." Akamenya nyingine mbili. "Wasomee tu mwanangu. Ila useme nilikuwa nakutetea."

Wapenzi wasomaji, nilishuka mjini nimeinamisha kichwa kwenye gari. Maana mama alikuwa sahihi. Shairi langu lilimfanya yeye mwongo na mimi malaika. Nililiandika upya, safari hii mama yumo jinsi alivyo, mwanamke aliyeona mwanawe anadhalilika mbele ya ukoo akashika neno la kwanza lililokuwa karibu. Limekuwa zuri kuliko la mwanzo. Na linauma zaidi.

Kwa hiyo wewe mwenye kaunta buku chini ya godoro, nakuomba mambo machache tu. Achana na jahazi kama hujapanda, andika kahawa, andika mfereji, andika gari la kupanda kwenu siku huna nauli. Ukijikuta unaandika "enyi vijana", simama, futa, weka "mimi", uone kama bado una la kusema. Lisome kwa sauti. Pale sauti inapokwama ndipo penyewe, usiparuke. Na kama kuna mtu mwingine kwenye maumivu yako, mpe nafasi ya kulisikia kabla ya watu baki, kama ni mtu anayeweza kusikia. Kama ni mtu wa kukupiga, ficha daftari uendelee kuandika.

Jamii itajionya yenyewe. Ina wachungaji, ina mashehe, ina wenyeviti wa mitaa.

Krismasi ijayo baba mdogo atakuja, na ninamjua, atauliza. Nimemwambia mama safari hii aniachie mimi nijibu. Bado sijajua nitasema nini. Tukutane wiki ijayo.