Kirusi cha mahindi chapigwa picha, mkulima wa Meru na Embu bado mashakani

Ugonjwa hatari wa mahindi, maarufu kama MLN, ulipozuka Bomet mnamo Septemba 2011, wengi waliudhania kuwa balaa la Bonde la Ufa pekee. Mwaka uliofuata dalili zake ziliripotiwa Imenti Kusini, Meru. Majani hugeuka manjano, hukauka kabla ya wakati, na gunzi hubaki bila punje. Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2013 Kenya ilipoteza zaidi ya moja ya tano ya mavuno yake.

Virusi viwili hushirikiana katika uharibifu huo: kile cha miwa, na MCMV, kilichokuwa kigeni nchini. MCMV ni kidogo mno. 30,000 vikipangwa mstari mmoja havijazi milimita moja. Mnamo 2015 wanasayansi wa China walichapisha umbo lake, waliloliona kwa hadubini ya elektroni inayotumia baridi kali. Maji yenye virusi hugandishwa ghafla hata yasipate nafasi ya kufanya chembe za barafu, yakawa kama kioo. Kisha kompyuta huunganisha maelfu ya picha hafifu kuwa umbo moja kamili. Mbinu hiyo iliwapa Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2017.

Umbo hilo ni hazina kwa mtafiti, lakini halijazaa dawa ya kunyunyizia mahindi yaliyougua. Kirusi husambazwa na wadudu, hasa thripsi na mbawakawa, na mara chache kupitia mbegu.

Hapo ndipo Meru na Embu zinaponaswa. Mvua hunyesha misimu miwili, na mahindi hupandwa yote miwili, kwa hivyo kirusi hakikosi makao. Wataalamu hushauri msimu mmoja uachiwe maharagwe au viazi. Ushauri ni sahihi, ila ni mzito kwa mwenye nusu ekari ambaye githeri ndiyo riziki yake. Isitoshe, akiutii peke yake, wadudu watavuka ua kutoka kwa jirani.

Afueni imetoka kwenye mbegu. Tangu 2013, kituo cha Naivasha cha CIMMYT na watafiti wa serikali huambukiza mimea makusudi ili kubaini aina zinazostahimili. Mbegu hizo zipo sokoni, lakini hununuliwa kila msimu. Anayepanda punje alizohifadhi kutoka mavuno yaliyopita, kwa kukosa fedha, bado hana kinga.