Mzigo mzito si adui, adui ni ekseli iliyozidishwa

Umewahi kusimamishwa na trafiki usiku pale Ubungo au Chalinze, ukapisha tela refu linalotambaa kama jongoo, taa zikimulika mbele na nyuma? Vijiweni wanasema, "Hilo ndilo linalotumalizia barabara." Si kweli, na wapo wanaofaidika na imani hiyo.

Tuhesabu pamoja. Transfoma ya tani 200 ikiwekwa juu ya tela lenye mistari 20 ya ekseli, kila mstari unabeba tani 10. Ongeza tani 4 hivi za tela lenyewe, inakuwa 14. Lakini mstari mmoja una tairi 8, kwa hiyo tairi moja halifikishi hata tani 2. Sasa njoo kwenye semitrela ya kawaida. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 10 kwa ekseli ya tairi 4, na lori zima lisizidi tani 56. Tajiri akijaza mpaka ekseli ifike tani 13, kila tairi linakandamiza lami kwa tani 3 na robo. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa madhara hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito. Ekseli ya tani 13 inaumiza barabara karibu mara 3 ya ile ya tani 10. Ya tani 20, mara 16!

Siri ya lile jongoo ni mafuta. Kila ekseli ina jeki zake za haidroli, zimeunganishwa kwa mabomba katika makundi, mara nyingi matatu. Tairi likipanda tuta, mafuta yanakimbilia jeki nyingine za kundi lile, presha inabaki sawa, mzigo hauinami. Makundi 3 ni kama kigoda cha miguu 3, hata sakafu ikiwa mbovu hakichezi. Hakuna ekseli inayotembea bure huku jirani yake ikivunjika mgongo. Laiti kodi ya nchi hii ingekatwa hivyo!

Na kona je? Lobedi ya kawaida tairi zake za nyuma hazigeuki, ndiyo maana hukwapua ukingo wa kipilefti, kama si kibanda cha mama lishe. Kwenye tela hili kila ekseli inazunguka kwenye shingo yake. Kichwa kikikata kona, fito za chuma zinageuza tairi za mbele upande ule, za nyuma zinageukia upande wa pili, za katikati kidogo tu, ili zote zizunguke kitovu kimoja. Nyuma anaweza kutembea mtu kwa miguu, ameshika rimoti, akauelekeza mkia palipo pembamba. Yapo pia yanayojiendesha, magurudumu yakiamriwa na kompyuta. Hayo hutembea kando kama kaa au kuzunguka papo hapo.

Mwaka 2013 Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, alifuta unafuu wa asilimia 5 juu ya kikomo cha uzito. Wenye malori wakagoma, mizigo ikalala, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaurudisha. Hatumsifu mtu hapo. Tunasema tu kwamba mwenye malori 100 husikilizwa upesi. Wewe wa bodaboda nani anakusikiliza? Mfuko wa Barabara unajazwa na tozo ya mafuta, yaani kila ukijaza tangi unalipia shimo lililochimbwa na ekseli ya tajiri.

Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Vyuma vile havikuota Rufiji, vilibebwa. Tunamuuliza Waziri mwenye dhamana: ni vijana wangapi wa nchi hii waliofundishwa kushika ile rimoti, kupanga makundi ya jeki, kupiga hesabu ya kitovu cha uzito? Au yetu ilikuwa kupunga vitambaa vyekundu? Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo hapa Dar es Salaam, vyuo vya VETA vipo mikoani. Tunataka jibu kwa idadi. Na kila mizani ibandike hadharani kila mwezi: malori mangapi yalizidisha, mangapi yalishushwa mzigo, na mangapi yaliachwa yaende.