Mabomba ya mawimbi yajaribiwe kwa muda wote



Natoa maoni yangu kuhusu mtambo wa ITER unaojengwa kusini mwa Ufaransa, ambao shabaha yake ni kupata nguvu kwa kuunganisha viini vya hidrojeni kama jua lifanyavyo. Mwaka 2024 wakuu wake walitangaza kwamba kazi ya utafiti itaanza mwaka 2034. Kwa kuwa mradi umechelewa, wapo wanaosema kila kitu kifungwe haraka na majaribio ya kifaa kimoja kimoja yapunguzwe. Mimi siungi mkono hata kidogo.

Tuchukue mabomba ya kupitishia mawimbi. Gesi iliyomo mtamboni haichomwi kwa moto. (Wanafunzi wangu wa darasa la saba huniuliza ni sufuria gani isiyoyeyuka kwa nyuzi milioni 150. Hakuna, gesi hiyo hushikwa na nguvu za sumaku.) Sehemu ya joto hilo italetwa na mawimbi ya maikrowevu yanayotetemeka mara bilioni 170 kwa sekunde. Mashine moja hutoa megawati 1, nayo hupita katika bomba ambalo tundu lake halifiki upana wa kiganja, kwa umbali wa zaidi ya mita 100. Bomba likipinda kidogo tu kwenye kiungo, mawimbi hupotoka na nguvu inayopotea hulipasha joto bomba lenyewe. Asilimia 1 ya megawati 1 ni kilowati 10, yaani pasi 10 za kilowati 1 zikiwaka pamoja! Na bomba likipata joto hurefuka, likirefuka huzidi kupinda.

Hasara hiyo hupimwa kwa njia tuliyofundishwa chuo cha ualimu: unapima joto la maji ya kupozea yakiingia na yakitoka, pamoja na wingi wake, kisha unapiga hesabu. Lakini chuma huchukua muda kupata joto. Bomba laweza kufaulu jaribio la sekunde moja, kisha likashindwa baada ya dakika chache, na ITER inakusudia kuwaka kwa mamia ya sekunde mfululizo.

Wanaotaka haraka wakumbuke yaliyotokea. Novemba 2022 ITER ilitangaza kwamba mabomba ya kupozea ngao za joto, ambayo ni mengine kabisa, yana nyufa. Wakati huo kipande kimoja kikubwa cha mtambo kilikuwa kimekwisha kushushwa mahali pake tangu Mei. Mwaka 2023 kikanyanyuliwa na kutolewa tena.

Bomba la mawimbi litapita katika kuta nene za zege hadi kwenye chombo chenye mionzi. Nani atakwenda kulifungua huko? Nashauri kila aina ya bomba, kona na kiungo ijaribiwe kwa nguvu yote na kwa muda wote kabla ya kufungwa, hata kama mwaka 2034 utasogezwa mbele.

Mwalimu wa Shule ya Msingi