Titi la Sokoni na Woga wa Mawakili

Mwezi uliopita nilimchora mama mmoja anayeuza vitunguu soko la Chwele. Mkaa na karatasi, basi. Mtoto alikuwa ananyonya, titi liko nje, na mteja anabishana bei kana kwamba hakuna kitu. Kwa sababu kweli hakukuwa na kitu. Mzee wa kanisa alipita, akamsalimia, akaenda zake. Nilipomwonyesha mama mchoro alicheka, akasema pua nimeikosea, lakini niuweke tu huko kwa intaneti watu waone. Nikauweka kwa tovuti moja ya sanaa. Haikupita saa moja, umeondolewa: uchi, maudhui ya ngono. Tena nikaonywa nikirudia, akaunti inaenda.

Nilipolalamika kwa grupu yetu ya WhatsApp, wasee waligawanyika. Kuna wale wa ati ni maadili, wacha kuchora matiti. Na wale wa ati ni ukoloni, wazungu hawatuelewi. Mmekosa nyote. Sheria hiyo haikuandikwa na mchungaji wala mkoloni. Iliandikwa na wakili anayeogopa kushtakiwa, na nyuma yake kuna mhasibu anayeogopa kukatiwa njia ya malipo.

Tazameni vile ilienda Marekani. Tangu 1996 kifungu cha 230 kimezikinga tovuti: ukichapisha uchafu, kesi kwa kawaida ni yako, si ya mwenye tovuti. Aprili 2018 ikaja sheria ya FOSTA, ikaitoboa hiyo kinga kwa mambo ya ukahaba na biashara ya watu. Nia haikuwa mbaya, lakini wakili hasomi nia, anasoma hatari. Novemba mwaka huohuo Apple wakaitoa Tumblr dukani mwao baada ya picha za unyanyasaji wa watoto kupatikana humo. Tarehe 17 Desemba, Tumblr ikapiga marufuku karibu uchi wote. Walisema sanaa na kunyonyesha vitabaki. Mashine zao hazikusikia hiyo, zikafagia mpaka michoro isiyo na kosa. Mwaka wa 2021 Mastercard nao wakataka tovuti za watu wazima ziwe na ushahidi wa umri na utambulisho wa kila anayeonekana.

Sasa, nani atahangaika kutofautisha mkaa wangu na ponografia? Wakiacha picha moja mbaya, inaweza kuwagharimu mamilioni. Wakifuta mia za watu kama mimi, hawalipi hata ndururu. Mwalimu mmoja Ufaransa alifungiwa akaunti ya Facebook mwaka wa 2011 baada ya kuweka mchoro wa Courbet wa karne ya 19. Alipigana kortini miaka, na 2018 korti ya Paris ikasema kampuni ilikosea kumfungia bila kumpa taarifa. Fidia? Hakupewa. Na huyo ni mtu mwenye wakili na Courbet upande wake, bana. Mimi niko na pua niliyoikosea.

Msiniambie basi tukimbilie sheria zetu. Katiba ya 2010, ibara ya 33, inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanii, na imeandikwa vizuri kabisa. Lakini Kanuni ya Adhabu bado iko na kifungu cha 181 juu ya machapisho machafu, faini shilingi 7,500 au jela miaka miwili, na hakuna anayekuambia uchafu unaanzia wapi. Mwaka wa 2019 Mahakama Kuu ilitupa kifungu kingine cha namna hiyo, 84D cha sheria ya mawasiliano. Wakati huo tayari kilikuwepo kifungu cha 37 cha sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018: ukisambaza picha chafu au ya faragha ya mtu, 200,000 au miaka miwili. Kisome polepole. Hakiulizi kama mwenye mwili alikubali! Jamaa anayemwaga picha za ex wake ili kumwaibisha, na mpiga picha aliyeombwa na mteja wake, wanaingia mlango mmoja.

Kukubali ndiyo kesi yenyewe. Si ngozi.

Na ndiyo maana sidai kila kitu kiachwe. Hapa kwetu, Agosti ya kila mwaka wa pili, kijana anapakwa matope mtoni alfajiri na kurudishwa nyumbani uchi kwa ajili ya sikhebo, ukoo mzima ukimwimbia. Siku hizi simu zimejaa njiani. Huyo ni mtoto. Uchi wake mbele ya watu wake ni mila. Kwenye simu ya mpita njia ni wizi. Hapo tovuti ifute bila kubembelezwa, na aliyerekodi aulizwe. Cha ajabu ni kwamba hizo video nimeziona zikizunguka siku nzima, lakini mchoro wa mama mzima, aliyesema ndiyo kwa mdomo wake, haukumaliza saa.

Ninachotaka ni kidogo. Tovuti inapofuta, itaje sheria inayoiogopa, kwa jina na kifungu, na rufaa yangu isomwe na binadamu. Bunge nalo liongeze neno moja kwa kifungu cha 37: bila idhini.

Mama wa vitunguu ameniuliza mara mbili kama watu wameuona. Karatasi nilimpelekea, ameibandika kwa kibanda, juu ya mizani.