Dawa ya Damu Isingoje Hospitali Kuu

Yapo maradhi ambayo elimu bado haijayapatia shifaa, na kwa hayo hatuna budi kusubiri. Lakini mtu aliyeanguka na bodaboda akafa kwa kuvuja damu, ilhali dawa mujarabu ya kuizuia imekwisha kujulikana, mauti yake tusiharakishe kuyaita kudura.

Dawa yenyewe ni asidi ya traneksamiki, waliyoitangaza Utako Okamoto na mumewe Shosuke huko Japani mwaka 1962, nia yao ikiwa kuwaokoa wazazi wanaotokwa na damu baada ya kujifungua. Mwili uliojeruhiwa hugandisha damu ili kuziba palipopasuka, kisha aghalabu huanza mapema mno kuliyeyusha lile bonge lililoziba. Dawa hii huzuia kuyeyuka huko. Ilipita karibu nusu karne kabla ya matabibu wakiongozwa kutoka London kuipima kwa majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40, na mwaka 2010 ikabainika kuwa katika waliopewa walikufa asilimia 14.5, na katika wasiopewa asilimia 16. Asomaye upesi ataiona tofauti hiyo haba, lakini katika kila majeruhi elfu moja ni watu 15 waliorudi kwa ahali zao.

Lililo zito zaidi lilidhihiri mwaka uliofuata, majibu hayo yalipochunguzwa upya: aliyepewa dawa katika saa ya kwanza hupata auni kubwa kabisa, na aliyecheleweshwa kupita muda wa saa tatu, dawa yaweza kumzidishia hatari ya kufa kwa kutokwa na damu.

Basi tutazame safari ya majeruhi wetu wa shamba, abebwaye mpaka zahanati, akafungwa bendeji, akangojea gari, akapelekwa wilayani, na huko akaelekezwa mkoani. Dawa ikikaa katika ghala la hospitali kuu peke yake, imewekwa mahali ambapo wengi watafika wakati wake umekwisha. Si dawa ya ghali, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 umeonyesha kuwa hata ikichomwa msulini hufyonzwa upesi. Naomba wizara zetu za afya ziifikishe zahanati na katika magari ya wagonjwa, wahudumu wafundishwe kuitumia, na kila barua ya rufaa iandikwe saa aliyoumia mtu na saa aliyochomwa sindano, maana tabibu ampokeaye usiku, asipoijua saa hiyo, hawezi kutambua kama sindano aliyoishika itamwokoa au itamdhuru.