Vitabu vya nukta nundu visiachwe nyuma

Jeshi la Wokovu lilifungua Shule ya Vipofu ya Thika mwaka 1946, miaka 17 kabla ya bendera ya uhuru wa Kenya kupandishwa. Kwa karibu miaka 80 shule hiyo imeonyesha kwamba mtoto asiyeona anasoma na kufaulu. Serikali haina ruhusa ya kujifanya bado inatafuta namna ya kumhudumia.

Hata hivyo kila mtaala unapobadilika, kilio ni kile kile. Vitabu vya wenye kuona hupakiwa kwenye malori na kufika. Vya nukta nundu huja darasa likiwa limeshasonga mbele, kama vinakuja. Mwalimu hulazimika kusoma kwa sauti huku watoto wakichapa neno baada ya neno kwenye mashine ya Perkins, vitufe sita, kimoja kwa kila nukta. Kipindi kizima kinageuka imla. Na ramani ya Bonde la Ufa haisomeki kwa imla. Isipochorwa kwa mistari iliyoinuka, kwa mtoto huyu ukurasa huo haupo. Jioni, wakati wa prepu, mwenzake wa shule nyingine anafungua kitabu. Yeye anapapasa yale tu aliyowahi kuyachapa. Kisha wote wawili wanawekewa mtihani mmoja wa kitaifa. Dakika za ziada anazopewa ni haki yake, lakini hazifidii muhula mzima bila kitabu.

Kisingizio cha gharama tunakikataa. Ni kweli kitabu kimoja cha kawaida huzaa majuzuu kadhaa ya karatasi nzito, na ni lazima kipitiwe na msomaji wa nukta nundu kabla ya kupigwa chapa. Ndiyo maana kazi ianze mapema. Hakimiliki nayo si kizuizi: mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa nukta nundu bila idhini ya mwenye hakimiliki. Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mtoto huyu haki ya kutumia nukta nundu. Hatuombi hisani.

Ukaidi wa namna hii ni wa zamani. Louis Braille alibuni nukta zake akiwa mwanafunzi katika shule ya vipofu ya Paris. Baadaye mkuu wa shule hiyo, mtu mwenye kuona, akazipiga marufuku, na wanafunzi wakaendelea kuziandika kwa siri. Zilikubaliwa rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya Braille kufariki. Waliozichelewesha hawakuwa na haja nazo.

Wizara ya Elimu isiidhinishe kitabu chochote cha kiada kabla mchapishaji hajakabidhi faili yake kwa wanaotayarisha nukta nundu na maandishi makubwa ya wenye uoni hafifu. Kitabu kisichokuwa tayari kwa mtoto wa Thika kisisambazwe kwa mtoto yeyote. Agizo hilo likitekelezwa mara moja tu, ucheleweshaji utakwisha, kwa kuwa utamuuma kila mzazi nchini.

Shule zitakapofunguliwa Januari, Waziri aanzie ziara yake Thika. Aingie darasani, aulize kitabu cha sayansi kiko wapi, kisha amwombe mwanafunzi amsomee ukurasa wa kwanza.